Futeni Safu ya "Kabila" Katika Daftari la Ardhi: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Mkoa Wetu wa Tanga

Waheshimiwa mnaosimamia ardhi na vijiji katika mkoa wetu wa Tanga,

Salaamu kwenu. Nawaandikia kutoka kijiji kidogo upande wa Muheza, kijiji kilichozaliwa na kambi ya mkonge. Jina lake silitaji, kwa kuwa sikuja kumshitaki mtendaji wetu wala mwenyekiti wetu. Hao ni majirani zangu, na ukitokea msiba tunakaa matanga kwenye mkeka mmoja. Nimekuja kuwaeleza habari ya daftari.

Ni kaunta buku ya kawaida, gamba gumu, kurasa zake zimepigwa mistari kwa rula na kalamu ya buluu. Safu ya kwanza ni namba, ya pili jina, ya tatu umri, ya nne idadi ya watu katika kaya. Safu ya tano imeandikwa "Kabila/Kwao". Hiyo ndiyo orodha ya wanaoomba kugawiwa ekari katika shamba la mkonge lililofutiwa hati baada ya kugeuka pori. Siku ya kujiandikisha nilimsindikiza mama. Akaulizwa jina, akajibu. Akaulizwa umri, akajibu. Akaulizwa kabila, akasema, "Baba'angu Mha, mama'angu Mbondei." Karani akatulia kidogo, akaandika "Mha". Kisha pembeni, kwa penseli, akaongeza neno moja: "mgeni". Mama macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Mimi niliyesimama nyuma yake ndiye niliyelisoma.

Mama yangu alizaliwa mwaka 1956 katika kambi hiyo hiyo, umbali wa kutupa jiwe kutoka meza aliyoandikiwa ugeni. Hajawahi kuiona Kigoma.

Walioandikiwa neno hilo hawakukatwa. Wamewekwa mwisho wa foleni. Tumeambiwa wenyeji watangulie, kikibaki ndipo wageni nao wafikiriwe. Na kila mtu hapa, mkubwa kwa mdogo, anajua kwamba eneo halitoshi watu wote.

Naomba mnivumilie nieleze kijiji hiki kilivyojaa watu, maana ukisikia "mgeni" unaweza kudhani ni mtu aliyeshuka kwenye basi mwaka jana.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 pwani yetu ikajaa mashamba, reli nayo ikafika Korogwe na Mombo, na watu wakatafutwa. Wenyeji wa hapa walikuwa na mashamba yao ya minazi na mihogo, na wengi hawakuona sababu ya kuyaacha ili wakakate majani ya miba kwa ujira mdogo. Ndipo wenye mashamba wakaanza kuvuta vibarua kutoka mbali, na mwaka 1944 wakaunda kabisa ofisi ya kuwaandikisha, ile wazee wanayoiita SILABU. Malori na treni zikaleta Waha na Warundi kutoka magharibi, Wangoni na Wabena kutoka kusini, Wanyaturu na Wanyiramba kutoka Singida, Wanyamwezi, na Wamakonde na Wamakua waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji ya Wareno. Kila mmoja alipewa namba. Kutokana na namba hiyo wakaitwa manamba, na hadi leo ukitaka kumdharau mtu hapa kwetu unamwita mtoto wa manamba.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alitoka Kasulu akiwa kijana asiyeoa. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Babu hakupewa hata hizo siku mbili. Alifika jioni, akaonyeshwa chumba, na alfajiri akakabidhiwa kisu cha kukatia mkonge. Mama bado anatunza kipande chake. Ni kadi ngumu iliyogeuka rangi ya chai, ina miraba ya siku 30 za kazi. Kila siku ukikamilisha kazi uliyopangiwa, nyapara anaweka alama kwenye mraba. Miraba 30 ikijaa, ndipo unapokea mshahara. Ukikata majani pungufu, ukifunga tita lisilotimia majani 30, siku hiyo inahesabiwa kama hukwenda kazini. Katika kipande cha babu mraba mmoja uko mtupu. Mama anasema ni siku aliyochomwa na mwiba wa mkonge jichoni.

Hiyo kadi haina safu ya kabila. Kambi ndizo zilizokuwa na kabila. Wenye mashamba waliwapanga watu kimafungu, Waha kivyao, Wamakonde kivyao, kila kundi na safu yake ya vyumba na nyapara wake. Na juu ya wote ngazi ilikuwa ya rangi. Meneja alikuwa Mzungu, na huku kwetu Wagiriki walimiliki mashamba mengi. Ofisini na stoo waliwekwa Wahindi na Wagoa. Dukani alikuwa Mshihiri, Mwarabu wa Hadhramaut. Mwafrika, awe wa kuja au wa hapa, alikuwa wa mwisho. Nawakumbusha hili, waheshimiwa, kwa sababu ile safu ya tano ninaijua ilikotoka. Ni kambi ya mkoloni imehamia kwenye daftari.

Kambi zilivunjika zenyewe, hakuna aliyeziamuru. Bei ya mkonge ilianguka kamba za nailoni zilipoingia duniani, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na nchi hii iliyotoa kama tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, mwaka 1964 ikashuka mwaka hadi mwaka. Korona yetu ikanyamaza. (Kwa msiotoka Tanga, korona ndiyo kiwanda cha kusindika mkonge, tumekiita hivyo kwa jina la mashine ya zamani, na wakati wa ule ugonjwa wazee wetu walipata tabu sana kuelewa redio inasema nini.) Waliokuwa na kwao walirudi. Waliobaki ni wale ambao kwao palishakuwa hapa. Walikuwa wameshaoana.

Njooni tutembee. Tukitoka nyumbani kwetu kushuka kisimani, nyumba ya kwanza ni ya mjane wa Kimakonde, ana chale usoni, na alipokuwa na nguvu hapakuwa na harusi hapa kijijini isiyochezwa sindimba uani kwake. Mkwewe ni Mzigua. Nyumba ya pili baba ni Mbondei na mama ni mjukuu wa Mrundi, na watoto wao wanne hawajui Kirundi hata neno moja. Ya tatu ni ya fundi baiskeli, mzee mwenye macho ya kijivu. Baba yake alikuwa Mgiriki wa shamba, aliondoka bila kumwachia jina lake. Wanakijiji walimwita chotara utotoni, leo wanamwita fundi. Ya nne Wasambaa waliohamia kutoka Lushoto, wanalima maharage. Ya tano ni duka, na mwenye duka bibi yake alikuwa Mdigo na babu yake Mshihiri. Kisha kisima. Hapo kisimani hata ukiulizwa nani wa wapi huwezi kujibu kwa kusikiliza tu, maana wote wanagombea foleni kwa Kiswahili kile kile cha Tanga.

Bibi yangu, Mbondei wa kijiji cha jirani, alipoolewa na babu alimkuta anapika ugali wa muhogo, ambao kwao huitwa bada. Akamwambia, "Kumbe na nyie mwala bada?" Nyumbani kwetu hadithi hiyo husimuliwa kila bada likipakuliwa.

Sasa mtuambie, safu ya tano ina nafasi ya neno moja. Mama aandike lipi? Mimi je, ambaye baba yangu ni mtoto wa Mmakonde aliyezaliwa kambini, na mama ni huyo niliyemwelezea? Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alitufuata jioni ile akatushauri turudi tukafute. "Mwandikeni Mbondei," alisema, "si mama yake ni Mbondei? Mtapita." Nami nilishawishika, sifichi. Ekari mbili si kitu kidogo kwa mtu asiye na shamba. Nikamweleza mama. Akaniangalia muda mrefu, kisha akaniuliza, "Na baba'angu nimtupe wapi, mwanangu?"

Tangu siku hiyo sikulala vizuri, na ndiyo sababu ya barua hii.

Najua kuna hoja upande wa pili, na si hoja ya uongo. Ardhi ile ya mkonge ilikuwa ya Wabondei kabla ya kuwa ya Mjerumani. Walinyang'anywa. Wazee wa ukoo wa bibi yangu wanaonyesha hadi leo mibuyu na makaburi yaliyomezwa na shamba. Mtu anayesema "ardhi ya babu zetu irudi kwetu" anadai haki ambayo hakuna serikali iliyowahi kuilipa. Mimi damu yangu moja inasimama upande huo, na nataka dhuluma hiyo iandikwe, itajwe kwenye mkutano, na makaburi hayo yatengwe yasilimwe na mtu yeyote.

Lakini tazameni nani atakosa kwa utaratibu huu. Familia nyingi za wenyeji, pamoja na dhuluma ile, zimebaki na shamba la ukoo mahali fulani: minazi kadhaa, michungwa, kipande cha bondeni. Mtoto wa manamba hana shamba la ukoo popote. Babu zetu walikaa kwenye nyumba za kampuni juu ya ardhi ya kampuni. Walikatazwa kupanda mazao ya kudumu karibu na kambi. Walipostaafu waliachiwa chumba kisicho na hati na bustani ya mchicha. Kwa hiyo mkimweka wa mwisho yule asiye na kwingine, mnampa ardhi aliyenayo kidogo na kumwacha asiyenayo kabisa. Na aliyempora Mbondei si Mha. Wote wawili waliumizwa na mkono mmoja. Mmoja alinyang'anywa shamba, mwingine aliletwa kulifyeka.

Tena, kama tunapima kwa kuuliza nani alikuja lini, tutaishia wapi? Wadigo na Wasegeju wenyewe husimulia kwamba wazee wao waliteremka kutoka Shungwaya, kaskazini. Wabondei jina lao tu linasema ni watu wa bondeni, na koo zao kadhaa zinakumbuka milima ya Usambaa. Sisemi hivyo kumpunguzia mtu yeyote heshima. Nasema kila mmoja wetu ana babu aliyefika hapa akiwa amechoka, akapokelewa na mtu.

Kwa upande wa sheria sina usomi mkubwa, nina kidato cha nne na mafunzo ya usaidizi wa kisheria. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, nimeishika mkononi. Inaposema mwanakijiji, inamaanisha mtu anayeishi kijijini kwa kawaida, au anayetambuliwa hivyo na halmashauri ya kijiji. Nimetafuta neno kabila katika maana hiyo, halimo. Sheria hiyo hiyo inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao sote watu wazima ni wajumbe, mimi na mama tukiwemo. Na Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, inapoeleza maana ya kubagua inataja kabila na pahala mtu alipotokea. Haikuacha mwanya wa "wenyeji kwanza".

Taifa lenyewe liliacha kuuliza zamani. Wakoloni mwaka 1948 na 1957 walituhesabu kwa rangi, Wazungu, Wahindi, Wagoa, Waarabu, na Waafrika kwa makabila yao. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ndio tuliohesabiwa mara ya mwisho. Karani wa sensa alikaa kwenye kibaraza chetu na kishikwambi chake, akamuuliza mama mambo mengi, hata habari za choo na za kuku. Kabila hakuuliza. Mama alihesabiwa mmoja kati ya watu 61,741,120, na mmoja kati ya watu 2,615,597 wa Tanga. Inakuwaje taifa zima lisihitaji kabila lake, halafu kaunta buku ya kijiji ilihitaji?

Na mkoa huu huu una mfano mzuri kuliko wote. Kule Chogo, Handeni, serikali iliwapa makazi Wazigua waliokimbia vita vya Somalia. Mababu zao walichukuliwa kutoka pwani hii katika karne ya 19, wakavushwa bahari hadi bonde la mto Juba. Walirudi wakiongea Kizigua, wajukuu wa wajukuu, na wenyeji wa Handeni wakasikilizana nao. Walipewa mashamba, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Nililia niliposikia habari ile mara ya kwanza. Nchi iliyoweza kumwambia mtu aliyeondoka zaidi ya miaka mia moja "karibu nyumbani" haiwezi kushindwa kumwambia hivyo aliyekuwepo hapa miaka yote sabini, akikata mkonge.

Ng'ambo ya mpaka walichelewa. Wamakonde waliopelekwa kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya pwani ya Kenya waliishi bila vitambulisho miongo na miongo, hadi Oktoba 2016 walipotembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Ndipo wakatambuliwa. Sitaki kumwona yule mjane wa Kimakonde, jirani yetu, akitembea kwenda popote. Magoti yake hayamruhusu. Ameenda mara tatu kuomba kitambulisho cha taifa, na kila mara anaulizwa cheti cha kuzaliwa cha baba yake, mtu aliyevuka Ruvuma kwa miguu enzi za Mreno.

Ninachoomba ni hiki. Ile safu ya tano ifutwe kabla orodha haijapelekwa mbele, na mahali pake iandikwe miaka mtu aliyoishi kijijini na kama ana ardhi nyingine au hana. Asiye na ardhi atangulie, awe Mbondei, Mha, au yule fundi mwenye macho ya kijivu. Orodha isomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu, jina kwa jina, tusikie. Na wazee waliozaliwa na manamba watengewe utaratibu wa kuthibitisha ukazi wao kwa ushahidi wa majirani, kwa kuwa makaratasi yao yaliliwa na mchwa pamoja na ofisi za mashamba.

Wala msidhani naomba makabila yetu yafutwe. Nataka yaandikwe, ila yaandikwe mahali pake. Tununue kaunta buku nyingine, tumkabidhi mwalimu wa historia wa shule yetu, apite nyumba kwa nyumba kuwauliza wazee walitoka wapi, walikuja na nani, waliimba nini, walizikana vipi. Nani alikuwa mtani wa nani. Wazigua na Wanyamwezi walitaniana tangu enzi za misafara, na hapa kwetu utani huo ulikutana na watu wapya, ukazaa mambo ambayo hayako popote. Wazee waliokuwepo wakati wa kambi wamebaki wachache, wanahesabika kwa vidole. Katika daftari hilo mama ataandikwa Mha na Mbondei kwa pamoja, kwa kalamu ya wino.

Mkutano mkuu umeitishwa baada ya mvua hizi. Mama atakuwepo. Kipande cha babu amekizungushia karatasi na kukifunga kwenye pindo la leso yake. Nimemwambia hakitahitajika, sheria haidai. Akasema atakwenda nacho tu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtoto wa manamba, Muheza